Kura, hesabu na uhai: jaribio la haki ni lipi?

Mazungumzo ya leo kutoka London yanahusu neno moja tunalolisikia karibu kila siku, redioni, sokoni, hospitalini na siku hizi kwenye simu ya mkononi. Neno lenyewe ni "imethibitishwa". Dawa fulani imethibitishwa. Mbolea fulani imethibitishwa. Njia fulani ya kufundisha imethibitishwa. Ni mara chache mno msemaji huulizwa: imethibitishwa kwa jaribio la namna gani? Na je, matokeo hayo hayangeweza kutokea kwa bahati tu?

Maswali hayo mawili ndiyo msingi wa elimu ya takwimu. Wengi wetu tuliikimbia elimu hiyo shuleni, kwa sababu tulifundishwa kupiga hesabu ya mipira myekundu na myeusi iliyomo mfukoni bila ya kuambiwa mipira ile inamfaa nani. Leo nakusudia kueleza jinsi hesabu ile ile, pamoja na kura iliyopigwa kwa haki, ilivyobadilisha namna ya kuwatibu watoto mahututi katika Afrika Mashariki.

Mwaka mmoja, habari mbili

Mwanzoni mwa mwaka 2011, macho ya Afrika Mashariki yalielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Huko mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana zaidi kwa jina la Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya miti shamba kwa shilingi 500. Alisema kuwa dawa hiyo, aliyofunuliwa ndotoni, huponya maradhi sugu, yakiwamo kisukari, saratani na ukimwi. Watu walikwenda kwa maelfu, matajiri kwa maskini, wakapanga foleni za magari porini. Wengi waliorejea walitoa ushuhuda kwamba wamepona. Baadaye zikaja pia taarifa za wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa kikombe.

Mwishoni mwa Mei mwaka huo huo, jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Habari hiyo haikuvuta umati. Lakini ilipindua jambo ambalo madaktari wa nchi nyingi walikuwa wakiliamini na kulifundisha kwa miaka mingi.

Nitalirudia jaribio hilo. Kwanza tujiulize: kwa nini ushuhuda wa watu waungwana, wasio na nia ya kudanganya, hautoshi?

Sababu ni tatu. Ya kwanza, anayetoa ushuhuda ni yule aliyejaliwa kurudi. Aliyefariki dunia hapigi simu redioni kusema kuwa dawa haikumfaa. Ya pili, maradhi mengi hupanda na kushuka. Mtu huenda kutafuta dawa siku anapozidiwa, na baada ya siku ya kuzidiwa aghalabu hufuata siku ya nafuu, anywe dawa asinywe. Ya tatu, na iliyo kubwa kuliko zote, hatujui ni nini kingempata mgonjwa yule yule lau asingekunywa dawa ile. Maisha hayatupi nafasi ya kuyaishi mara mbili.

Si nia yangu kumhukumu mchungaji Mwasapile, aliyefariki dunia Julai 2021. Nia yangu ni kusema kwamba ushuhuda wa daktari bingwa mwenye koti jeupe una kasoro zile zile tatu. Ndipo ilipozuka haja ya jaribio.

Maji ya mto Thames

Hatua ya kwanza ni kulinganisha, na mfano wake mashuhuri ulitokea hapa hapa London. Mgeni anayepita mtaa wa Broadwick, eneo la Soho, huona mfano wa bomba la maji uliowekwa kumkumbuka Dk. John Snow. Mwaka 1854, wakati kipindupindu kilipokuwa kikiua watu mtaani hapo, daktari huyo aliwashawishi wakuu wa eneo hilo waondoe mpini wa bomba, kwa kuwa aliamini kuwa maradhi yanaletwa na maji. Siku zile wataalamu wengi waliamini kuwa yanaletwa na hewa mbovu.

Hata hivyo, hoja yake nzito zaidi haikutoka Soho. Ilitoka ng'ambo ya pili ya mto Thames, kusini mwa London, ambako kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ile ile. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliteka maji yake Battersea, mahali ambapo mto ulikuwa umekwisha kuchafuliwa na maji taka ya mji. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mitambo yake mwaka 1852 na kuipeleka juu ya mto, kabla maji hayajafika mjini. Nyumba hii ilipata maji ya kampuni moja, na jirani yake maji ya nyingine. Hewa waliyovuta ilikuwa moja na hali zao zilifanana.

Snow alihesabu. Katika nyumba 40,046 zilizopata maji ya Southwark and Vauxhall, watu 1,263 walikufa kwa kipindupindu katika majuma 7 ya mwanzo ya mlipuko huo. Katika nyumba 26,107 za kampuni ya Lambeth, walikufa 98. Angalia, msikilizaji, kwamba haifai kulinganisha 1,263 na 98 moja kwa moja, maana kampuni ya kwanza ilikuwa na nyumba nyingi zaidi. Ni lazima kugawanya. Tukigawanya tunapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande mmoja, na 37 upande wa pili. Tofauti ni zaidi ya mara 8.

Hapo tumepata kanuni mbili: linganisha vilivyofanana, na kila hesabu ya waliopatwa na jambo iambatane na hesabu ya wote ambao wangeweza kupatwa nalo. Anayekuambia kuwa watu 200 wamepona na hakuambii waliotibiwa walikuwa wangapi, bado hajakuambia kitu.

Kura badala ya upendeleo

Snow alisaidiwa na hali ya mambo. Mabomba yalikuwa yamekwisha kuchanganyika mitaani pasi na yeye kuyapanga. Hospitalini mambo si hivyo. Daktari akiachiwa achague nani apate dawa mpya, huenda akawapa wenye nguvu kwa kuwa wana matumaini, au akawapa waliozidiwa kwa kuwahurumia. Kwa vyovyote makundi mawili hayatafanana tena, na tofauti itakayoonekana mwishoni haitajulikana imeletwa na dawa au na uchaguzi.

Dawa ya tatizo hili ni kongwe na kila kijiji kinaijua: kura. Watoto wa mirathi wakishindana juu ya mafungu ya shamba, wazee huamua kwa kura, kwa sababu kura haina ndugu wala rafiki.

Mwaka 1948, jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha jaribio la dawa ya streptomaisini dhidi ya kifua kikuu. Aliyepanga mgawanyo wa wagonjwa alikuwa Austin Bradford Hill, profesa wa takwimu katika chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Hill hakuwa daktari. Alitaka kuwa daktari alipokuwa kijana, lakini yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na ndoto hiyo ikakatika. Baada ya vita vya pili, streptomaisini ilikuwa adimu sana nchini Uingereza na haikuweza kuwatosha wagonjwa wote. Kwa hiyo kura haikuwa ukatili, bali njia ya haki ya kugawa kilicho kidogo, na papo hapo kujifunza.

Majina ya makundi yalipangwa kwa tarakimu za bahati na kufungiwa ndani ya bahasha, ili daktari anayempokea mgonjwa asijue mapema atapangiwa kundi gani. Wagonjwa 55 walipewa streptomaisini pamoja na mapumziko ya kitandani. Wagonjwa 52 walipewa mapumziko peke yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida. Baada ya miezi 6, wa kundi la kwanza waliofariki walikuwa 4, na wa kundi la pili walikuwa 14. Kwa asilimia, ni 7 dhidi ya 27.

Mbegu hiyo ilivuka bahari. Katika miaka ya 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishiriki katika majaribio ya kura, pamoja na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, yaliyoonyesha kwamba mchanganyiko unaofaa wa dawa unaweza kutibu kifua kikuu kwa miezi 6 badala ya mwaka mmoja na nusu. Yeyote kati yetu aliyemeza dawa za kifua kikuu kwa nusu mwaka na akapona, ana deni kwa wagonjwa wale wa Afrika Mashariki waliokubali kupangwa kwa kura.

Vikombe vinane vya chai

Kura basi hufanya makundi yafanane. Lakini kura nayo ni bahati, na bahati ina mizaha yake. Huenda kundi moja likapata nafuu kubwa kwa sadfa tu. Tutajuaje kuwa tofauti tunayoiona si mzaha wa bahati? Hapa ndipo hesabu inapoingia, na walimu wengi huianza kwa kisa cha chai.

Katika miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London, mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alikuwa na mwenzake, Dk. Muriel Bristol. Bibi huyo alidai kuwa akionja chai anaweza kutambua kama maziwa yalitangulia kumiminwa kikombeni au chai ilitangulia. Kwetu sisi tuliozoea chai iliyochemshwa pamoja na maziwa yake, mzozo huo ni wa Kiingereza hasa. Lakini Fisher aliuchukulia kwa uzito, na katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya kupanga majaribio alieleza namna ya kuukata: tayarisha vikombe 8, vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, vichanganye kwa bahati, kisha mwonjaji achague vinne anavyodhani vilitanguliwa na maziwa.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme mwonjaji hajui lolote na anabahatisha tu. Nafasi ya kupatia kikombe cha kwanza ni 4 katika 8. Akipatia, vimebaki vikombe 7, na vilivyo sahihi ni 3, hivyo nafasi ya pili ni 3 katika 7. Kisha 2 katika 6, na mwisho 1 katika 5. Tukizidisha zote nne tunapata 1 katika 70. Kwa hiyo akivipatia vyote vinne, tuna mambo mawili ya kuchagua: ama ana kipaji, ama limetokea jambo ambalo kwa kubahatisha hutokea mara moja tu katika mara 70. Na akipatia vitatu na kukosa kimoja? Kuna njia 16 za kufanya hivyo kati ya zile 70. Tukiziongeza kwenye ile moja ya kupatia vyote tunapata 17 katika 70, yaani karibu robo. Hilo si jambo la kushangaza, na halithibitishi kipaji.

Sasa tuhame kutoka kwenye chai twende kwenye dawa. Tuseme kuna ugonjwa ambao nusu ya wagonjwa hupona wenyewe. Mtu anadai kuwa dawa yake imewaponya wagonjwa 3 kati ya 4. Asilimia 75! Lakini chukua sarafu uirushe mara 4. Matokeo yanaweza kupangika kwa njia 16. Njia zenye vichwa 3 ni 4, na njia yenye vichwa 4 ni moja. Jumla ni 5 katika 16, karibu theluthi moja. Dawa isiyo na nguvu yoyote ingepata sifa hiyo karibu mara moja katika kila majaribio matatu. Lakini kama wangepona 15 kati ya 20, asilimia ni ile ile 75, ila nafasi ya kuyapata matokeo hayo au bora zaidi kwa bahati ni 2 hivi katika 100. Uwiano haujabadilika, lakini uzito wa ushahidi ni tofauti kabisa. Ndiyo maana mpanga jaribio huuliza kabla ya kuanza: nahitaji watu wangapi?

Watoto 3,141

Sasa tulirejee lile jaribio la mwaka 2011. Jina lake lilikuwa FEAST, na liliongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Imperial College hapa London, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya. Kitengo cha majaribio ya tiba cha baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, nacho kipo London, kilishiriki katika kulisimamia na kulifanyia hesabu. Hospitali zenyewe zilikuwa Kilifi nchini Kenya, Teule iliyoko Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor.

Swali lilikuwa hili. Mtoto analetwa na homa kali, mikono na miguu yake imepoa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na damu haizunguki vema mwilini. Katika nchi tajiri mtoto kama huyo hutundikiwa dripu ya maji mengi kwa haraka ili kuuchangamsha mzunguko wa damu. Ndivyo vitabu vilivyoelekeza. Katika hospitali nyingi za Afrika jambo hilo halikuwa likifanyika sana, na wengi waliona kuwa huo ni upungufu unaogharimu maisha.

Watoto waligawanywa kwa kura, kwa bahasha zilizofungwa na kufunguliwa kwa zamu ya namba zake. Kundi la kwanza lilipewa maji ya alibumini kwa haraka. Kundi la pili lilipewa maji ya chumvi kwa haraka. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka. Watoto wa makundi yote walipata matibabu mengine yaliyostahili: dawa za malaria, viuavijasumu, oksijeni, damu kwa waliohitaji, na maji ya kiasi cha kawaida. Pale ambapo kuchelewa kungehatarisha maisha, mzazi aliombwa ridhaa ya mdomo kwanza, na maelezo kamili na ridhaa ya maandishi vikafuata.

Mpango ulikuwa kuwaandikisha watoto 3,600. Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikichungulia matokeo kwa siri ilishauri jaribio lisimamishwe. Wakati huo walikuwa wameandikishwa watoto 3,141 katika sehemu kuu ya jaribio. Katika saa 48 za mwanzo, wa kundi la alibumini walikuwa wamefariki 111 kati ya 1,050. Wa maji ya chumvi, 110 kati ya 1,047. Na wale ambao hawakupewa maji ya haraka, 76 kati ya 1,044. Kwa asilimia: 10.6, 10.5 na 7.3.

Rudia kusikiliza, msikilizaji. Tiba iliyotarajiwa kuokoa ndiyo iliyoandamana na vifo vingi zaidi.

Je, haikuwa bahati mbaya tu? Tupige hesabu kama tulivyoipiga ya vikombe. Jumla ya waliofariki ni 297 kati ya 3,141. Kama maji ya haraka hayana athari yoyote, nzuri wala mbaya, basi vifo hivyo 297 vingegawanyika kwa bahati, kama mipira myekundu iliyochanganywa mfukoni. Kundi la tatu, lenye theluthi moja ya watoto, lingetarajiwa kuwa na vifo 99 hivi. Lilikuwa na 76. Bahati ya kawaida huipeleka hesabu hiyo juu au chini kwa 8 hivi. Hapa ilishuka kwa 23. Nafasi ya kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa sadfa tupu, kwa upande wowote, ni kama 3 katika 1,000. Huo ni ushahidi mzito kuliko ule wa vikombe vinane vya chai.

Jambo ambalo jicho haliwezi kuliona

Nikiulizwa ni funzo gani kubwa la habari hii, nitajibu kwamba ni hili: hakuna daktari hata mmoja ambaye angeweza kuligundua jambo hilo kwa uzoefu wake peke yake, hata angekuwa hodari namna gani.

Fikiria daktari aliyewatundikia maji ya haraka watoto 100. Baada ya siku mbili karibu 90 wako hai. Macho yake yamewaona wakifumbua macho, wakinyonya, wakibebwa na mama zao. Moyo wake utamwambia nini, ila kwamba maji yameponya? Kama asingewatundikia, karibu 93 wangekuwa hai. Lakini hao watatu hawana alama usoni. Hawezi kuwaona wodini, kwa kuwa idadi ya vifo hupanda na kushuka kwa watatu bila ya sababu yoyote. Huonekana tu pale watoto maelfu wanapohesabiwa, na makundi yakiwa yamepangwa kwa kura.

Na watatu katika mia si wachache. Maana yake ni kwamba kwa takriban kila watoto 31 waliopewa maji ya haraka, mmoja alifariki ambaye asingefariki. Vyombo vya habari vinaweza kulieleza jambo hilo kwa kusema kuwa hatari ya kifo iliongezeka kwa asilimia 45, au kwamba iliongezeka kutoka 7 hadi 10 na nusu katika 100. Kauli zote mbili ni za kweli. Lakini ya kwanza hushtua na ya pili hufahamisha, na msikilizaji ana haki ya kupewa zote mbili.

Lazima niweke mpaka hapa, ili mtu asije akaondoka na funzo la hatari. Jaribio hili halikuhusu watoto wanaoharisha na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Hao hawakuandikishwa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na maji yenye chumvi na sukari yameokoa roho nyingi mno. Matokeo ya jaribio ni ya watu waliofanana na wale walioshiriki, na kuyapeleka kwa wengine bila ya kufikiri ni kuyatumia vibaya.

Miongozo haikubadilika kwa siku moja. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya wa kuwahudumia watoto mahututi, ukipunguza matumizi ya maji ya haraka. Mwaka 2020, mwongozo wa kimataifa wa kutibu maambukizi makali ya damu kwa watoto ulikwenda mbali zaidi: mahali pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi, mtoto ambaye shinikizo la damu yake halijashuka asipewe maji ya haraka. Kanuni hiyo ya ulimwengu mzima inategemea sana watoto wa Kilifi, Muheza, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor.

Maswali manne ya kubeba

Wapo wanaosema kuwa kumpigia mtoto kura ni kumchezea. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi katika miaka yangu ya kutayarisha vipindi hapa London, na inastahili jibu la heshima. Mahali ambapo ukweli unajulikana, kura ni dhuluma. Hakuna anayeruhusiwa kupiga kura kama mtoto wa kipindupindu apewe maji. Lakini mahali ambapo wataalamu waaminifu hawajui, kila tiba ni kubahatisha, ila ni kubahatisha kusikohesabiwa, na makosa yake hayamfundishi mtu. Kura hugeuza shaka iliyofichika kuwa elimu iliyo wazi.

Hata kikombe cha Samunge kingeweza kupimwa kwa heshima. Wangeombwa ridhaa watu wenye kisukari, wote waendelee na dawa zao za hospitali. Kwa kura, nusu wangepewa dawa yenyewe, na nusu kinywaji kingine chenye ladha na rangi ile ile, bila ya mnywaji wala mpimaji kujua kipi ni kipi. Kipimo cha sukari kingekubaliwa kabla ya kuanza, wala si baada ya kuyaona matokeo. Gharama yake ingekuwa ndogo kuliko mafuta yaliyochomwa na magari yale porini.

Basi siku utakapolisikia tena neno "imethibitishwa", liwe limetoka kwa mganga, kwa kampuni kubwa ya dawa, kwa serikali au kwa redio hii, uliza maswali manne. La kwanza: imelinganishwa na nini? La pili: nani aliyechagua kila mtu aingie kundi gani, mtu au kura? La tatu: walikuwa wangapi, na bahati peke yake ingeweza kuleta matokeo hayo mara ngapi? La nne: majaribio mengine mangapi yalifanywa ambayo hatuyasikii?

Swali hilo la mwisho lina hesabu yake. Tuseme dawa 20 zisizo na faida yoyote zinajaribiwa, kila moja kwa mizani ambayo huruhusu bahati kushinda mara 5 katika 100. Nafasi ya kila moja kushindwa, kama inavyostahili, ni 95 katika 100. Lakini nafasi ya zote 20 kushindwa kwa pamoja ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 20, nayo ni kama 36 katika 100. Kwa hiyo ipo nafasi ya 64 katika 100 kwamba angalau moja kati ya dawa hizo za bure itatangazwa gazetini kuwa imefaulu, na zile 19 zisitajwe. Penye kalamu na karatasi, hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari anaiweza.

Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Hivyo ndivyo ushahidi unavyojazwa, bahasha kwa bahasha, mtoto kwa mtoto, na mara nyingi na watu ambao majina yao hatutayajua. Walio hai leo kwa sababu ya hesabu hiyo hawajijui. Nao hawawezi kutoa ushuhuda, kwa sababu hakuna anayeweza kumwonyesha mama mmoja na kumwambia: mwanao ndiye yule wa thelathini na moja.